UCHAMBUZI: Nzi wa maembe hajali ua wa jirani, warsha za miti ya matunda zilenge kijiji kizima

KUPANDA miti kumekuwa wimbo wa taifa zima katika miaka ya hivi karibuni. Mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 Wakenya wakapewa siku nzima ya mapumziko ili washike majembe na miche.

Katiba ya 2010 yenyewe, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi imefunikwa na miti.

Katika pilkapilka hizo, miche ya matunda imepata wapenzi wengi. Mwananchi anayesitasita kupanda mti ambao labda atakaoufaidi ni wajukuu wake, hana wasiwasi kupanda mwembe, mparachichi au mchungwa. Faida ya miti hiyo huionja mezani na huihesabu mfukoni.

Hata hivyo, lipo swali ambalo halijapewa uzito unaostahili. Picha zikishapigwa na wageni wa heshima wakishaondoka, nani atamfunza mwananchi huyo kuutunza mti aliopanda?

Jibu ambalo limekuwa likitolewa ni warsha. Kuanzia Makueni na Machakos hadi Embu, Murang'a na Kilifi, wakulima hukusanywa chini ya mti, katika ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi, wakafunzwa kupogoa, kupandikiza vikonyo, kutega wadudu na kuvuna. Wanaoandaa mafunzo hayo ni serikali za kaunti, taasisi za utafiti, vyama vya ushirika na mashirika yasiyo ya kiserikali.

Hakuna anayeweza kupinga umuhimu wa mikutano hiyo. Lakini wengi wa waandalizi wake wamekuwa wakimfunza mkulima mmoja mmoja namna ya kuutibu mti wake, ilhali adui na rafiki wa mti huo wote wanaishi katika mazingira yanayovuka mipaka ya shamba lake. Kasoro hiyo ndiyo inayofanya elimu nyingi ya warsha kuyeyuka kabla ya msimu kwisha.

Somo la nzi wa matunda

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kama kile cha nzi wa matunda aliyetoka bara Asia. Nzi huyo, ambaye wanasayansi humwita Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003 katika eneo la Pwani.

Ndani ya miaka michache alikuwa ameenea katika maeneo mengi yanayokuza maembe nchini na katika mataifa mengi ya Afrika. Makadirio ya watafiti yanaonyesha kuwa, pale ambapo hakuna hatua yoyote inayochukuliwa, mkulima anaweza kupoteza kati ya asilimia 40 na 80 ya mavuno yake ya maembe.

Maisha ya nzi huyu yanaeleza kwa nini dawa pekee haimwezi. Jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa yakawa funza, na funza hao hula nyama ya tunda wakiwa wamejificha humo, mahali ambapo dawa ya kunyunyizwa juu haiwafikii.

Tunda hatimaye huoza na kuanguka. Funza hutoka, hujichimbia katika udongo sentimita chache tu na kugeuka kuwa buu. Baada ya siku kadhaa nzi wapya huibuka wakiwa tayari kuanza upya. Mzunguko huo wote huweza kukamilika kwa muda wa takriban mwezi mmoja, hivi kwamba vizazi kadhaa huzaliwa katika msimu mmoja wa maembe.

Athari zake zilivuka shamba zikafika bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Baada ya maembe ya Kenya kunaswa mara kwa mara barani Ulaya yakiwa na nzi hao, mnamo mwaka wa 2014 Kenya ilijipiga marufuku yenyewe kuyauza katika soko la Umoja wa Ulaya, kabla haijafungiwa mlango na wanunuzi.

Marufuku hayo yalidumu miaka saba. Ni mwaka wa 2021 tu ambapo maembe yaliruhusiwa tena kuelekea huko, baada ya kutengwa kwa maeneo yaliyothibitishwa kuwa na nzi wachache, yakiwemo ya Kaunti ya Makueni.

Ikumbukwe kuwa soko hilo halikufunguliwa kwa sababu ya shamba moja lililotunzwa vyema. Kilichokaguliwa kilikuwa eneo zima. Mkulima hodari aliyezungukwa na majirani wasiojali hana lolote la kumwonyesha mkaguzi.

Huo ndio msingi wa hoja hii. Mkulima mmoja anaweza kuhudhuria warsha, akaokota kila embe lililoanguka na kulifukia katika shimo lenye kina cha futi mbili kama alivyoelekezwa. Iwapo jirani yake ameyaacha maembe yaoze chini ya mti kwa kuwa hakualikwa au hakuona haja ya kuhudhuria, nzi wa jirani watakuwa wageni wa mkulima huyo kabla ya mwezi kuandama mara mbili.

Elimu na kalenda ya mti

Kasoro ya pili ni ya wakati. Warsha nyingi huandaliwa kulingana na kalenda ya mwenye pesa za mradi, wala si kalenda ya mti.

Mwembe una ratiba yake. Huchanua, hushika matunda machanga, hukomaza, huvunwa, kisha huhitaji kupogolewa mara tu baada ya mavuno ili utoe matawi mapya yatakayochanua msimu unaofuata. Anayefunzwa kupogoa wakati mti umejaa maua, anapofika nyumbani hana la kufanya ila kusubiri. Miezi ya kusubiri ikipita, nusu ya aliyofunzwa imesahaulika.

Kupogoa kwenyewe hakufunziki kwa maneno matupu. Mwembe ulioachwa ukue utakavyo hurefuka hadi mvunaji akahitaji kupanda juu au kuyaangusha matunda kwa mti mrefu, na embe lililopigwa na ardhi halina bei. Majani yakisongamana katikati, unyevu hukaa humo na magonjwa ya ukungu hupata makao.

Kwa hiyo mkulima hufunzwa kufungua katikati ya mti ili mwanga na upepo vipite, kuondoa matawi yanayogusa ardhi na kuuweka mti katika kimo kinachofikika. Lakini ni vigumu kwa mtu aliyerithi mti kutoka kwa babake kuukata tawi nene linalozaa. Anahitaji kuona mti wa mwenzake ukikatwa, kisha arudi msimu unaofuata ajionee mwenyewe ulivyozaa.

Ndiyo maana mfumo wa shule za wakulima shambani, uliobuniwa nchini Indonesia mwaka wa 1989 kwa usaidizi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na kufika Kenya katika miaka ya 1990, ulipata sifa. Katika mfumo huo kikundi cha majirani hukutana shambani mara kwa mara kwa msimu mzima. Wanakikundi hulinganisha sehemu iliyotunzwa kwa njia mpya na ile iliyoachwa kama ilivyozoeleka, kisha huamua wenyewe lipi la kufuata.

Mfumo huo ulianza na mpunga, mmea ambao huvunwa kwa miezi michache. Kwa miti ya matunda unahitaji uvumilivu zaidi, kwa maana mwembe uliopandikizwa huchukua takriban miaka mitatu au zaidi kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Miradi mingi ya mafunzo huwa imefunga virago kabla ya embe la kwanza kuiva.

Majeshi yasiyolipwa mshahara

Kasoro ya tatu, na labda ndiyo inayozungumziwa kwa nadra zaidi, ni kutenganisha kilimo na maumbile. Afisa wa kilimo huja na somo la wadudu waharibifu. Mtetezi wa mazingira huja siku nyingine na somo la misitu na ndege. Wakulima huondoka wakidhani kuwa hayo ni mambo mawili, ilhali mti wao unayajua kuwa ni jambo moja.

Chukua nzi yuleyule wa matunda. Msimu wa maembe ukiisha, hafi akaisha. Huhamia katika matunda mengine yanayopatikana karibu, yakiwemo ya mipera, mikungu na ming'ongo inayojiotea porini. Kijiji kisichoijua miti inayokizunguka hakiwezi kujua mahali adui yake anakojificha kati ya msimu na msimu.

Mtu asiyefunzwa vizuri anaweza kusikia hayo akachukua shoka. Kufanya hivyo kungekuwa kosa kubwa, kwa sababu kichaka kinachomhifadhi nzi kwa wiki chache ndicho pia kinachowahifadhi maadui wa nzi kwa mwaka mzima. Kinachohitajika ni kuokota matunda yanayoanguka chini ya miti hiyo, kama yanavyookotwa yale ya shambani.

Miongoni mwa maadui hao ni nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai au funza wa nzi. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Wadudu (ICIPE) chenye makao yake Nairobi kiliingiza nchini aina mojawapo kutoka Hawaii, iitwayo Fopius arisanus, na kuwaachilia katika mashamba ya maembe. Nyigu huyo hulisaka yai la nzi lililofichwa chini ya ngozi ya tunda na kutaga lake humo. Anayeibuka mwishowe kutoka katika buu ni nyigu, si nzi.

Ni kwa ajili yao ndipo wakulima hufunzwa kutumia hema dogo la wavu. Matunda yaliyooza hutupwa ndani yake. Nzi wanaoibuka hushindwa kutoka kwa kuwa matundu ya wavu ni madogo, lakini nyigu, ambao ni wembamba zaidi, hupenya na kurudi shambani kuendelea na kazi yao.

Mkulima anayeelewa siri hiyo hatanyunyiza dawa ovyo. Asiyeielewa huwaua walinzi wake kwa pesa zake mwenyewe, kisha akarudi dukani kununua dawa kali zaidi.

Katika Pwani kuna walinzi wengine ambao wazee wamewajua kwa muda mrefu. Hao ni sisimizi wekundu washonao majani kuwa viota juu ya miembe, mikorosho na minazi, ambao baadhi ya watu huwaita maji moto kwa ukali wa kuuma kwao. Mvunaji huwachukia, lakini wao huwinda wadudu wanaofyonza na kutoboa matunda machanga.

Wakulima wa machungwa nchini China wamekuwa wakiwatumia jamaa wa sisimizi hao kwa zaidi ya miaka 1,600. Aidha, utafiti uliofanywa katika mashamba ya maembe nchini Benin ulionyesha kuwa miti yenye sisimizi wengi wa aina hii hushambuliwa kidogo na nzi wa matunda. Warsha inayofanyika Kilifi au Kwale bila kuwataja viumbe hao inawafunza watu kuwa elimu yote hutoka mbali.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu maparachichi, au avokado kama wengi wanavyoyaita, ambayo yamekuwa dhahabu ya kijani katika Kaunti ya Murang'a na maeneo mengine ya milimani. Ua la mparachichi lina tabia ya ajabu. Hufunguka mara ya kwanza likiwa jike, hujifunga, kisha hufunguka tena likiwa dume. Bila wadudu wa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, mti unaweza kuchanua ukapendeza macho na kuzaa matunda machache tu.

Watafiti wa ICIPE wamefanya kazi na wakulima wa Murang'a kuunganisha udhibiti wa wadudu waharibifu na ufugaji wa nyuki karibu na miparachichi. Somo lake ni rahisi kulieleza: mzinga wa nyuki ni pembejeo kama mbolea ilivyo pembejeo, na dawa inayonyunyizwa asubuhi ya jua wakati wa maua huangamiza wafanyakazi wasiolipwa mshahara.

Nyuki nao hawana hati ya kumiliki ardhi. Huruka hadi mashamba ya majirani, kwenye ua wa miti ya asili na kando ya mto. Jirani mmoja anayenyunyiza dawa ovyo anaweza kuifilisi mizinga ya kijiji kizima.

Msitu wa Arabuko-Sokoke

Kwamba maarifa ya maumbile yanaweza kuleta riziki si nadharia. Katika Kaunti ya Kilifi, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianzishwa huko Gede mwaka wa 1993. Wanakijiji hufuga mabuu ya vipepeo wa msituni ambayo huuzwa ng'ambo katika maonyesho ya vipepeo hai.

Kabla ya hapo, wengi waliokuwa wakiishi karibu na msitu huo waliuona kama chanzo cha hasara, maana wanyama waliotoka humo walivamia mashamba yao. Mradi uliwafunza kutambua kipepeo gani hula majani ya mti gani, na mti uliokuwa kuni tu ukawa na thamani nyingine ukiwa umesimama.

Hilo ni darasa kubwa kwa waandalizi wa warsha za matunda. Kiwavi anayetafuna majani ya mlimau, ambaye mkulima amezoea kumponda, huweza kuwa kipepeo wa kupendeza. Kumjua kiumbe kabla ya kumhukumu ndiko mwanzo wa utunzaji, na mkulima huamua vizuri zaidi anapoelewa nani anakula nini katika shamba lake.

Nani anayealikwa?

Suala jingine nyeti ni la wanaoketi katika warsha hizo. Mara nyingi mwaliko hupitia kwa viongozi wa vikundi na wenye mashamba, na mwenye shamba katika jamii nyingi nchini huwa mwanamume aliyeandikwa katika hati.

Ilhali anayeamka alfajiri kuokota maembe yaliyoanguka, kuinywesha miche na kuwauzia wachuuzi ni mke au binti wa nyumbani. Elimu inampitia kando. Mwenye hati hurejea na kitabu cha maelezo akakiweka kabatini, na kazi inaendelea kufanywa kama zamani.

Katika maeneo ya Pwani tatizo lina mizizi mirefu zaidi. Kwa miaka mingi maskwota wanaoishi katika ardhi ya mabwanyenye wasiokuwepo wamekuwa wakizuiwa kupanda miti ya kudumu, kwa hofu kwamba mti ungekuwa ushahidi wa kudai ardhi. Kumwambia mtu wa aina hiyo apande mwembe bora na autunze kwa miaka 30 ni kumtaka awekeze katika nyumba ya kupanga.

Kutokana na hayo, warsha haiwezi kujifanya kuwa haijui siasa ya ardhi. Mti wa tunda ni ahadi ya miaka mingi, na ahadi hiyo huhitaji mtu mwenye uhakika kuwa atakuwepo kuvuna.

Vijana nao wamekuwa wakiachwa nyuma kwa kisingizio kuwa hawapendi kilimo. Ukweli ni kwamba wengi wao hawana miti, lakini wana nguvu na wepesi wa kupanda juu. Kijana aliyefunzwa vizuri kupogoa, kupandikiza na kutega nzi anaweza kuwa fundi wa kijiji, akalipwa kwa kila mti. Kwa njia hiyo hata shamba la mzee asiyeweza kupanda ngazi, au la mwenyewe aliyehamia mjini, hutunzwa. Na mashamba ya wenyewe wasiokuwepo ndiyo mara nyingi makao makuu ya nzi.

Maafisa ni wachache

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma za kilimo zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa miaka mingi kiwango ambacho kimekuwa kikipendekezwa ni afisa mmoja wa nyanjani kwa wakulima 400. Nchini Kenya hali imekuwa afisa mmoja kwa zaidi ya wakulima 1,000.

Uhaba huo ulianza zamani. Sera za kubana matumizi katika miaka ya 1980 na 1990 zilisimamisha kuajiriwa kwa maafisa wapya, na wakongwe walipostaafu nafasi zao nyingi zikabaki wazi. Warsha zilikuja kuziba pengo hilo, na kwa sababu hiyo zimebebeshwa mzigo ambao hazikuumbwa kuubeba.

Pengo hilo limevutia walimu wengine. Mwenye duka la pembejeo amekuwa daktari wa miti katika vituo vingi vya biashara. Si kwamba ana nia mbaya, lakini muuza dawa ni nadra kumshauri mteja kuwa anachohitaji ni kuokota matunda na kufungua katikati ya mti, kazi ambazo hazina bei dukani.

Wapo watakaosema kuwa kaunti hazina fedha za kufunza kijiji kizima na kwamba ni afadhali kuwafunza wachache wakawafunze wenzao. Hoja hiyo ina uzito wake, na mahali kwingine imefaulu. Hata hivyo, hufaulu tu pale ambapo wale wachache wamechaguliwa kutoka kila upande wa kijiji, wanatambuliwa na wenzao na wana mtu wa kuwarejea wanapokwama.

Wengine watauliza iwapo si bora kutumia sheria, mkulima asiyeokota matunda yaliyooza atozwe faini. Lakini sheria isiyotanguliwa na elimu huzaa ukaidi na hongo. Jirani hushawishika upesi zaidi anapoona gunia la mwenzake limejaa maembe safi kuliko anapoona askari wa kaunti langoni.

Mti uliotunzwa unahitaji soko

Ni muhimu pia kukiri kuwa utunzaji bora bila soko ni kazi bure. Mkulima aliyepogoa, akatega na akaokota atakufa moyo iwapo dalali atakuja na bei ileile anayompa jirani aliyelala.

Makueni ilijaribu kulitatua hilo kwa kujenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, ili maembe yanayokosa wanunuzi wa kuyala yakiwa mabichi yageuzwe kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Kiwanda hakiondoi matatizo yote, hasa wakati matunda yanapoiva kwa pamoja katika kaunti nzima, lakini huwapa wakulima sababu ya kujumuika na kuuza kwa pamoja.

Kwa upande wa maparachichi, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) imekuwa ikifunga msimu wa mavuno ya kuuza nje mara kwa mara ili kuzuia matunda machanga kuchumwa. Parachichi lililochumwa kabla ya wakati haliivi vizuri. Hunywea na kuwa kama mpira, na jina la Kenya huchafuka kwa wanunuzi.

Lakini mkulima mwenye karo ya shule ya kulipa Januari, akijiwa na dalali mwenye noti mkononi, hahitaji kufunzwa dalili za tunda lililokomaa. Anazijua. Anachohitaji ni chama cha ushirika kinachoweza kumkopesha kidogo asubiri. Warsha inayofunza kuvuna bila kuzungumzia deni linalomsukuma mkulima kuvuna mapema inafunza nusu ya somo.

Njia ya mbele

Kutokana na hayo yote, ni bayana kwamba mambo kadhaa yanafaa kubadilika.

Kwanza, kipimo cha ufanisi kisiwe idadi ya watu waliotia sahihi katika daftari la mahudhurio. Kiwe idadi ya mashamba yanayopakana ambayo yameokota matunda, yameweka mitego na yamepogoa katika msimu mmoja. Mitego ya nzi yenyewe huhesabika. Kijiji kinaweza kujua kila wiki kama nzi wanapungua au wanaongezeka.

Pili, mafunzo yagawanywe kulingana na msimu wa mti: somo la nyuki na dawa kabla ya maua, la mitego matunda yanapoanza kukua, la kuvuna yanapokomaa, na la kupogoa na kusafisha shamba baada ya mavuno. Vikao vinne vifupi shambani vina faida kuliko siku tatu mfululizo hotelini, na hugharimu pesa kidogo zaidi.

Tatu, wazee wanaoijua miti ya asili, ndege na wadudu wa mahali pao wapewe nafasi ya kufunza pamoja na afisa. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka wa 2008, ilidumu karne nyingi kwa sababu jamii nzima ilikubaliana juu ya lipi liguswe na lipi lisiguswe. Makubaliano ya aina hiyo ndiyo yanayokosekana katika mashamba ya matunda.

Nne, kaunti zinazopakana zishirikiane. Machakos ikifaulu kumpunguza nzi na Makueni ikalala, au kinyume chake, wote watarudi walipoanza. Mpaka wa kaunti ni mstari katika ramani, na mdudu hasomi ramani.

Miche mingi iliyopandwa kwa shangwe tangu 2022 inaelekea umri wa kuanza kuzaa. Ile itakayosalia hai itazaa matunda ya kulisha familia na soko, au itazaa funza na kusambaza hasara kwa majirani. Tofauti haitaletwa na siku ya mapumziko wala na hotuba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na nzi wa maembe ni mdudu mwenye mbawa. Mikono ya ujirani mzima inahitajika, kila wiki, msimu baada ya msimu.